Ikowa: bwawa lililohesabiwa umri wake

Ujenzi wa mabwawa mapya ya umwagiliaji mkoani Dodoma, likiwamo la Membe wilayani Chamwino na la Msagali wilayani Mpwapwa, umefufua swali ambalo wakulima wa uwanda wa kati wana haki ya kuliuliza, hasa wa Kibaigwa, ambako soko kubwa la nafaka hulishwa na mahindi yanayosubiri mvua: je, bwawa hudumu miaka mingapi kabla halijajaa tope? Jibu lililo wazi limo katika historia ya Bwawa la Ikowa, lililojengwa na serikali ya kikoloni mwaka 1957, mwaka uleule wa Bwawa la Hombolo.

Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayozunguka Dodoma, hupata msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida mvua hiyo haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Mji wa Dodoma ulitangulia kupata mabwawa madogo ya Imagi na Msalatu, ilhali vijiji, ambavyo vilikwisha kuonja njaa kuu ya Mtunya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, viliendelea kutegemea mito inayokauka. Mpango wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliwapa watawala somo la gharama kubwa kuhusu kilimo katika nchi kame.

Ikowa lilikusudiwa kuwa bwawa la kilimo. Tuta la udongo ulioshindiliwa lilikatiza Mto Majenjeula, ambao ni wa msimu na humwaga maji yake katika Mto Kinyasungwe, na nyuma yake yaliweza kukusanyika maji yapatayo mita za ujazo milioni 3.8. Tuta la namna hii huhitaji utoro wa maji, yaani njia ya pembeni inayopitisha mafuriko ili maji yasipande juu ya tuta na kulibomoa; huhitaji pia mlango wa kutolea maji kwenda kwenye mifereji ya mashamba. Hata hivyo, hatima ya Ikowa haikuamuliwa na tuta bali na dakio lake, yaani nchi yote ambayo mvua yake hutiririkia bwawani, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 640.

Yaliyotokea yanafahamika kwa sababu yalipimwa. Watafiti wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, wakiwamo Anders Rapp, Hammond Murray-Rust, Carl Christiansson na Len Berry, walichunguza Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, wakalinganisha kina kilichobaki na kile cha wakati wa ujenzi, na mwaka 1972 wakachapisha makadirio kwamba Ikowa lingejaa kabisa baada ya takriban miaka 30 tangu kujengwa. Jambo zito zaidi lilihusu asili ya tope. Macho ya wengi huvutwa na makorongo, kwa kuwa yanatisha na huonekana kwa mbali. Watafiti walionyesha kwamba sehemu kubwa ya udongo ilitoka kwenye miteremko ya kawaida, katika mashamba na malisho yaliyo wazi, ambako mvua kali hubandua tabaka jembamba la juu bila kuacha jeraha la kuonekana. Hasara hiyo huwa kubwa hasa mvua zinapoanza, kabla nyasi na mimea havijafunika ardhi.

Matokeo hayo yalipaswa kumaliza ugomvi wa siku nyingi kuhusu mhalifu. Tangu enzi za ukoloni, maofisa walizoea kulaumu wingi wa ng'ombe wa wafugaji, na hata mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973 kwa kuchimba makingamaji, uliishia kuondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka la Kondoa mwaka 1979, na katika sehemu ya Mvumi mwaka 1986. Uoto ulirudi Kondoa, na hilo halipingiki. Lakini mzigo uliwekwa mabegani mwa mfugaji peke yake, wakati utafiti ulikuwa umelitaja pia shamba lisilo na matuta, na haikuwa haki kumwacha mkulima bila msaada wa kulihifadhi.

Umwagiliaji sasa una sheria yake ya mwaka 2013 na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Inasikitisha kwamba katika sherehe za mabwawa hutangazwa ujazo wa maji na ukubwa wa mashamba, lakini umri wa bwawa hautajwi. Tume haina budi kupima tope la kila bwawa mara kwa mara, kuyatangaza matokeo kwa wanavijiji, na kutenga fedha za matuta, nyasi na miti katika dakio kabla ya kuanza kushindilia tuta lenyewe.