Kimana: Mapito ya Ndovu Yanayobanwa na Mashamba, Haya Ndiyo Unafaa Kujua

Ukishika barabara ya Emali kwenda Loitokitok, lazima upite Kimana. Wengi wanaijua kwa nyanya, vitunguu na soko la mifugo. Lakini kuna wasee wengine wamekuwa wakipita hapo kitambo kabla ya lami: ndovu wa Amboseli. Na njia yao inazidi kuwa nyembamba.

Mbona lazima wapite Kimana?

Mbuga ya Amboseli ni ndogo, kilomita 392 za mraba tu. Ndovu mmoja mkubwa anaweza kula hadi kilo 150 kwa siku, kwa hivyo mbuga peke yake haiwatoshi. Mvua ikinyesha wanatawanyika kutafuta malisho, na wanaoelekea Chyulu na Tsavo Magharibi wanapenya Kimana. Hapo pakizibwa, Amboseli inabaki kisiwa. Ukame ukichapa, hakuna pa kutorokea.

Wanajulikana kwa majina

Tangu 1972, Cynthia Moss na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia ndovu hawa. Hakuna utafiti wa ndovu wa porini uliodumu kuliko huo duniani. Kila ndovu anatambuliwa kwa masikio yake: matobo, mipasuko na mishipa. Kila familia ina herufi zake, na majina ya watoto yanafuata herufi hizo. Echo, mama mkuu wa familia ya EB, alikufa 2009, mwaka ambao ukame ulikuwa noma.

Halafu kuna Tim, fahali wa pembe ndefu ajabu. Alipenda mashamba ya watu sana, ndio maana 2016 alivalishwa kola ya satelaiti ili maskauti wajue anaelekea wapi kabla hajafika. Alikufa Februari 2020 akiwa na miaka 50, kifo cha kawaida, si cha risasi.

Ardhi ni ya nani?

Zamani Kimana ilikuwa ranchi ya jamii. Ikagawanywa, kila mwanachama akapata ekari 60 hivi. Sehemu moja ilibaki pamoja: hifadhi ya Kimana, iliyofunguliwa 1996. Ina ekari 5,700 hivi na wenyewe ni familia 844 za Wamaasai. Shirika la Big Life ndilo linaisimamia.

Nje ya hifadhi, mwenye hati ndiye mwenye kusema. Anaweza kulima, kuuza ama kuweka ua. Mwaka wa 2020 shamba la parachichi la KiliAvo, ekari 180, lilizua balaa. Wenye shamba walisema majirani wao pia wanalima. Wahifadhi wakasema linaziba njia ya wanyama. NEMA ikafuta leseni, na Aprili 2021 jopo la kesi za mazingira likaunga mkono uamuzi huo.

Na mkulima je?

Manze, tusimsahau. Ndovu wachache wakiingia usiku mmoja, nyanya za msimu mzima zimeenda, na karo ya watoto imeenda nazo. Uzio wa umeme wa zaidi ya kilomita 100 umewekwa kutenganisha mashamba na wanyama, na umesaidia.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 pia inatoa fidia: milioni 5 mtu akiuawa, milioni 3 akipata ulemavu wa kudumu, na mazao hulipwa kwa bei ya soko. Ukivamiwa, piga ripoti KWS mapema, hasara ikaguliwe ikiwa bado inaonekana. Shida ni kwamba doo huchelewa, wakati mwingine miaka.

Kwa hivyo suluhu ni gani?

Kuna wenye ardhi wanaolipwa kodi kila mwaka ili waache maploti yao wazi, bila ua wala jembe. Hapo ndipo hesabu yote ilipo. Mtu wa Kimana hawezi kulisha watoto kwa sifa za ndovu. Kodi ikilipa vizuri na kwa wakati, njia itabaki. Nyanya zikilipa zaidi, njia itafungwa ekari 60 baada ya 60, na hakuna atakayevunja sheria yoyote kwa kuuza shamba lake.