Mita Moja kwa Dakika Thelathini

Oktoba 21, 1927, Mwingereza Mercedes Gleitze, mpiga taipu wa London, aliingia kwenye mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa akiwa amening'iniza shingoni saa ndogo ya Rolex. Wiki mbili kabla alikuwa ameuvuka kwa kuogelea, mwanamke wa kwanza wa Uingereza kufanya hivyo, lakini wapo waliotilia shaka ushindi wake, ikabidi arudie. Safari hii baridi ilimshinda. Alitolewa majini baada ya saa zaidi ya kumi, naye hajafika ng'ambo. Saa ya shingoni ilikuwa bado inatembea. Mwezi uliofuata Hans Wilsdorf, mwasisi wa Rolex, alinunua ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuitangaza.

Biashara ya vyombo visivyoingia maji ikajifunza hapo kwamba mnunuzi hushawishika zaidi akikiona chombo chenyewe ndani ya maji. Watengeneza simu walikuja kulirithi somo hilo, ila kazi yao ni ngumu kuliko ya mtengeneza saa. Saa hufungwa kwa skrubu pande zote ikatulia. Simu lazima iwe na tundu la chaji, spika, maiki, vitufe na mahali pa kuingizia laini, na maji yanaweza kupita popote kati ya hapo.

Wajapani walitangulia. Mwaka 2000 Casio ilitoa simu ya G'zOne C303CA iliyohimili maji, na katika nchi ambayo watu hukaa bafuni muda mrefu, soko lilikuwepo. Ikafuata Motorola Defy mwaka 2010, kisha Sony Xperia Z mwaka 2013. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na kifuniko kidogo juu ya tundu la chaji, na simu yenyewe ilimkumbusha mwenyewe akifunge kila alipochomoa waya. Galaxy S7 na iPhone 7, zote za mwaka 2016, ziliondoa usumbufu huo: tundu liko wazi, maji yanaingia humo, lakini yamezibiwa njia kwa ndani.

Mbinu zilizowezesha hayo ni gundi inayozunguka kioo, mipira myembamba ya kuziba, na utando uliotokana na ugunduzi wa Mmarekani Bob Gore mwaka 1969. Alilivuta ghafla pande la plastiki ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula, likarefuka na kuwa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Utando wa namna hiyo hupitisha hewa na kuzuia tone la maji, kwa hiyo sauti hutoka na maji hubaki nje.

Kipimo kinachoandikwa kwenye boksi la simu, IP67 au IP68, kina umri mkubwa kuliko simu zenyewe. Kimetoka kwenye kanuni ya Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme iliyochapishwa mwaka 1976 kwa ajili ya vifaa vya umeme vya kila aina. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Saba maana yake kifaa kimezamishwa mita 1 kwa dakika 30. Nane ni zaidi ya hapo, ila zaidi kiasi gani huamuliwa na mtengenezaji mwenyewe. Ndiyo maana iPhone XS ya mita 2, iPhone 11 Pro ya mita 4 na iPhone 12 ya mita 6 zote huitwa IP68.

Na maji yenyewe ni maji gani? Ni maji safi yasiyo na chumvi, yaliyotulia, yenye joto linalokaribiana na la simu, na simu ni mpya. Hakuna wimbi, dawa ya bwawa la kuogelea wala sabuni. Simu iliyopata joto juani ikitumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia upenyo wowote ulioachwa na gundi. Kipimo hakikuahidi kinga dhidi ya hilo.

Madhara ya chumvi huonekana wazi pale fundi anapomulika tundu la chaji la simu iliyotoka baharini: ukungu wa kijani, na pini zilizolika. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, hivyo simu ikichomekwa kabla haijakauka, umeme wenyewe huzila pini. Zinazotangulia kulika ni zile zinazobeba chaji.

Matangazo, hata hivyo, yaliendelea kuonyesha mabwawa na fukwe, na kesi zikafuata. Sony, iliyokuwa imeanza mwaka 2015 kuwaonya wateja wasizitumie simu zake chini ya maji, ilikubali mwaka 2017 kuwafidia wateja walioishtaki Marekani hadi nusu ya bei. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple euro milioni 10. Ilisema matangazo hayakueleza kwamba kina kilichotajwa ni cha maabara tu, na kwamba kampuni iligoma kuwahudumia waliofikwa na uharibifu wa maji.

Kesi ya Australia ndiyo iliyoweka mambo hadharani zaidi. Juni 2022 Mahakama ya Shirikisho iliiamuru Samsung Australia kulipa dola milioni 14 za nchi hiyo kwa matangazo ya kati ya mwaka 2016 na 2018, ya simu saba zikiwemo S7 na S8. Kampuni ilikiri kwamba tundu la chaji lingeweza kupata kutu simu ikizamishwa bwawani au baharini, tena ikichajiwa ingali na maji.

Huku Afrika Mashariki, ambako simu nyingi hununuliwa zikiwa zimeshatumika, kuna jambo jingine. Simu ikishafunguliwa kubadilishwa kioo au betri, gundi ya kiwandani imeondoka. Fundi asipoweka nyingine, ile IP68 ya kwenye boksi haina kazi tena. Muulize kabla hujalipa.

Simu yako ikidondokea baharini, izime, isuuze kwa maji safi, ielekeze tundu chini na uiache penye hewa. Usiifukie kwenye mchele. Mwaka 2024 Apple iliwaonya wateja wake kwamba chembe za mchele huweza kuiharibu simu. Na usichomeke chaji mpaka tundu likauke kabisa, hata ikichukua siku nzima.