Kofia ya foili

Kofia ya foili ni kofia inayotengenezwa nyumbani kwa foili ya alumini, yaani karatasi nyembamba ya metali inayotumika jikoni kufungia chakula. Baadhi ya watu huivaa wakiamini kwamba inazuia mawimbi ya sumakuumeme yasifike kwenye ubongo, au kwamba inazuia mawazo yao yasisomwe wala kutawaliwa na mtu aliye mbali. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba inafanya hivyo. Katika nchi nyingi, hasa zinazotumia Kiingereza, kofia hiyo imekuwa alama ya kumdhihaki mtu anayeamini nadharia za njama.

Jina

Kwa Kiingereza kofia hii bado inaitwa kwa jina la stani, ingawa siku hizi haina stani hata kidogo. Zamani foili ilitengenezwa kwa metali hiyo. Kiwanda cha kwanza cha foili ya alumini kilianza kazi nchini Uswisi mwaka 1910, na kwa kuwa alumini ni nyepesi na ya bei nafuu, stani iliachwa polepole. Jina la zamani likabaki.

Utengenezaji

Kichwa cha mtu mzima huwa na mzunguko wa sentimita 55 hadi 58 hivi, kwa hiyo kipande kimoja cha foili ya kawaida mara nyingi hakitoshi kuuzunguka. Kwa kawaida vipande viwili au zaidi hupangwa kwa kupishana kama msalaba, kisha hukandamizwa juu ya kichwa chenyewe au juu ya bakuli lenye ukubwa unaolingana nacho. Ukingo hukunjwa kwa nje mara mbili au tatu, kwa sababu foili iliyokatwa ina makali yanayoweza kuchana ngozi. Foili hainyonyi jasho, hivyo wengine huweka kitambaa ndani yake au huivaa juu ya kofia ya kawaida.

Watu hubishana kama upande unaong'aa ukae nje au ndani. Hakuna tofauti. Kiwandani, karatasi mbili hupitishwa pamoja kwenye roli katika hatua ya mwisho; upande unaogusa roli hung'aa, na upande unaogusa karatasi ya pili hufifia. Metali ni ile ile.

Fizikia yake

Wazo la kofia hii halikutoka hewani. Mwaka 1836 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba chumba kilichofunikwa kwa metali pande zote hulinda vilivyomo ndani dhidi ya umeme wa nje. Kifaa cha namna hiyo huitwa kizimba cha Faraday. Foili ya jikoni ina unene wa takriban milimita 0.016, na mawimbi yenye masafa ya gigahezi 1, yanayokaribia yale ya simu za mkononi, hudhoofika sana yakipenya milimita 0.003 tu za alumini. Kwa hiyo metali yenyewe inatosha. Jambo hili ni rahisi kulijaribu: simu iliyofungwa kabisa ndani ya foili, bila kuacha tundu, mara nyingi hupoteza mtandao. Hata ndani ya nyumba ya mabati mtandao huweza kuwa hafifu, lakini haupotei kabisa, kwa sababu mawimbi huingia kupitia madirisha na mlango.

Kofia ina kasoro kama ya nyumba hiyo, tena kubwa zaidi, kwa kuwa iko wazi upande wote wa chini. Mawimbi huakisiwa na ardhi, kuta na mwili wenyewe, yakaingia kupitia usoni na shingoni. Yakishaingia, metali iliyo juu huweza kuyarudisha kichwani. Mwaka 2005 wanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani walipima kofia za maumbo matatu: la kawaida, la tarbushi na la helmeti ya askari wa Kirumi. Waliona kwamba mawimbi mengi yalipungua, lakini katika masafa ya karibu gigahezi 2.6 na gigahezi 1.2 yaliongezeka nguvu. Andiko lao lilikuwa la mzaha, ingawa vifaa walivyotumia vilikuwa vya kweli na vya gharama kubwa.

Kuhusu kusomwa mawazo, umeme wa ubongo unaofika kwenye ngozi ya kichwa ni mdogo mno, kwa kawaida chini ya sehemu moja kati ya elfu kumi za volti moja. Hospitalini hupimwa kwa vihisio vinavyogusa ngozi ya kichwa, mara nyingi kwa kupakwa jeli. Hakuna njia inayojulikana ya kuyasoma mawazo ya mtu kutoka mbali, kwa hiyo kofia haina cha kuzuia.

Historia ya wazo

Hofu ya mashine inayotawala akili ina umri mkubwa kuliko redio. James Tilly Matthews, mfanyabiashara wa chai wa London aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bethlem mwaka 1797, alisema kundi la wahalifu lilikuwa likimtesa kwa mashine iliyotumia gesi na nguvu za sumaku. Daktari John Haslam aliandika kitabu kuhusu habari zake mwaka 1810. Mwaka 1919 Viktor Tausk wa Vienna alieleza kwamba baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia husimulia mashine ya aina hiyo.

Kofia yenyewe ilitokea kwanza katika hadithi ya kubuni. Mwaka 1926 mwanabiolojia Mwingereza Julian Huxley alitoa hadithi fupi "The Tissue-Culture King", kuhusu mwanasayansi mzungu aliyetekwa katika ufalme wa kubuni barani Afrika. Humo wahusika huvaa kofia za foili ya metali ili wasiathiriwe na nguvu ya mawazo. Hadithi ina dharau za kikoloni za wakati wake. Huxley aliitembelea Afrika Mashariki miaka mitatu baadaye, mwaka 1929, na baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO.

Hofu, mzaha na ugonjwa

Mambo kadhaa ya kweli yamechochea hofu hiyo. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilianzisha mwaka 1953 mradi wa siri wa MKUltra, uliojaribu kutawala akili za watu kwa dawa na njia nyingine, wengi wao bila ridhaa yao. Ubalozi wa Marekani mjini Moscow ulielekezewa mawimbi ya mikrowevu kwa miaka mingi. Allan Frey naye alionyesha mwaka 1962 kwamba mapigo ya mikrowevu huweza kusikika kama mlio kichwani, bila sauti yoyote hewani. Mlio huo, hata hivyo, si mawazo, wala haubebi amri.

Wavaaji si watu wa aina moja. Wengine hufanya mzaha. Wengine wana maumivu ya kichwa, uchovu au kukosa usingizi na huamini chanzo ni minara ya simu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2005 kwamba dalili zao ni za kweli, lakini hakuna msingi wa kisayansi wa kuzihusisha na mawimbi. Wengine ni wagonjwa wanaosikia sauti, na kwao kofia huwa njia ya kutafuta utulivu. Kuwanyang'anya kwa nguvu au kuwacheka huongeza hofu yao. Ugonjwa wenyewe unatibika kwa dawa na ushauri nasaha.

Dhihaka ya kofia hutumika pia kumnyamazisha mtu mwenye swali la haki, kwa mfano kuhusu serikali kuwapeleleza raia kwa simu, jambo ambalo halihitaji kusoma mawazo na limethibitishwa mara kadhaa. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 uvumi kwamba mtandao wa 5G ulisababisha UVIKO-19 ulifanya minara ya simu ichomwe moto nchini Uingereza.

Katika filamu

Kofia ya foili inaonekana katika filamu ya Marekani "Signs" ya mwaka 2002, ambamo watoto na mjomba wao huivaa ili viumbe wa sayari nyingine wasisome mawazo yao. Tamthilia ya "Better Call Saul" ina mhusika anayejifunika blanketi la foili kwa kuogopa umeme.