Jumba la Kitaifa la Maigizo: Jukwaa lililogombaniwa tangu 1952

JUMBA la Kitaifa la Maigizo, ambalo wengi hulijua kama Kenya National Theatre, limo kando ya Barabara ya Harry Thuku jijini Nairobi, likitazamana na hoteli ya Norfolk. Ni karibu na hapo ambapo askari wa mkoloni waliwamiminia risasi, Machi 1922, Waafrika waliokusanyika kudai Thuku aachiliwe.

Lilifunguliwa Novemba 1952 na mwigizaji Mwingereza, Sir Ralph Richardson, majuma machache tu baada ya hali ya hatari kutangazwa nchini. Neno ‘kitaifa’ wakati huo lilikuwa na maana finyu mno. Jukwaa lilikuwa la Wazungu na tamthilia za kwao. Hata tamasha la drama la shule, lililoanza 1959 na kufanyika humo kwa miaka mingi, mwanzoni lilitawaliwa na shule zao.

Uhuru haukubadilisha mambo papo hapo. Mnamo 1976, Kenya ilipojiandaa kwa tamasha la FESTAC lililofanyika Lagos, Nigeria, mwaka uliofuata, tamthilia mbili ziliteuliwa: ‘The Trial of Dedan Kimathi’ yake Ngugi wa Thiong’o na Micere Mugo, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kama ‘Mzalendo Kimathi’, na ‘Betrayal in the City’ yake Francis Imbuga. Wahusika walipoomba jukwaa mwezi wa Oktoba, waliambiwa limekwisha kukodishwa kwa wacheza densi wa Ufaransa na kikundi kingine cha Wazungu. Yaani waliotumwa kuiwakilisha nchi walilazimika kubisha hodi kwao! Baada ya mvutano mkali walipewa siku chache tu, na watu wakafurika.

Mwaka wa 1977, kijijini Kamirithu, Limuru, Ngugi na Ngugi wa Mirii waliandaa ‘Ngaahika Ndeenda’ pamoja na wakulima na wafanyakazi. Serikali iliipiga marufuku Novemba, na mwezi uliofuata ikamtia Ngugi kizuizini. Waigizaji wa Kamirithu walipotaka kuleta ‘Maitu Njugira’ katika jumba hili, Februari 1982, walikuta milango imefungwa na polisi wanalinda.

Jumba lilifanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya na Rais Uhuru Kenyatta, Septemba 2015. Mei 2022, ‘Ngaahika Ndeenda’ ikaigizwa humo kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza, miaka mitatu kabla ya Ngugi kufariki.

Wageni wake wa kawaida, hata hivyo, ni wanafunzi wa sekondari wanaoletwa kwa mabasi kutazama tamthilia zinazotahiniwa katika KCSE. Aghalabu hao ndio huwafanya waigizaji wapate riziki.