Ugenishaji: Pilipili Hoho Mbele ya Kamera

Mwaka 1917 mhakiki Mrusi Viktor Shklovsky alitoa makala kuhusu sanaa kama mbinu, na humo akaingiza neno alilolibuni mwenyewe: ostranenie. Alidai kwamba mazoea hula vitu. Mlango unaoupita kila siku huuoni tena. Unautambua tu, ukapita. Kazi ya sanaa ni kukirudisha kitu machoni, kana kwamba ndiyo kwanza unakutana nacho. (Baadaye Shklovsky alisema neno lenyewe alilikosea tahajia, n moja badala ya mbili. Limebaki hivyo hivyo.)

Kwa Kiswahili tuliiteje? "Uajabishaji" linanukia mazingaombwe. "Ukengeushi" lina kupotoka ndani yake, ilhali hapa tunakirudia kitu, hatukipotei. Napendekeza ugenishaji, kutokana na kugenisha: kukifanya kitu kiwe kigeni. Mgeni kwetu hakodolewi macho tu, hupewa kiti na kusikilizwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anayehitaji kupona hapa ni jicho.

Wapiga picha waliifanya kazi hii kwa vitendo. Mwaka 1925, jijini Moscow, Aleksandr Rodchenko alilipiga picha jengo alimoishi, Mtaa wa Myasnitskaya, kamera ikitazama juu hadi roshani zikapandana kuelekea angani. Mwaka 1928 aliandika kuzipinga picha za usawa wa kitovu, maana kamera nyingi za wakati ule zilishikwa tumboni. Vijana wa studio wangesema alitafuta engo. Ni kweli, ila engo peke yake si ugenishaji. Mtindo wa Rodchenko uliigwa mno, na leo ghorofa iliyopigwa kutoka chini haimshtui mpita njia yeyote wa Posta, Dar es Salaam. Ndiyo maana naing'ang'ania ile -sha ya kusababisha: hili ni tendo dhidi ya mazoea fulani, na mazoea yakihama, tendo nalo halina budi kuhama. Vichujio vya simu, vinavyozipaka picha zote rangi ileile, vinafanya kinyume chake kabisa.

Mfano ninaoupenda zaidi hauna engo ya kushangaza hata kidogo. Mwaka 1930, huko California, Edward Weston aliweka pilipili hoho moja ndani ya faneli ya bati, akaipiga picha. Iliitwa Pepper No. 30. Ukiitazama unaona bega, mgongo, misuli iliyojikunja. Na bado ni hoho. Faneli iliondoa genge, kisu na sufuria, yaani kila kinachotuambia hoho ni ya nini. Kwa kawaida tunaona matumizi kabla ya kuona kitu.

Jaribu na mbuzi ya nazi. Iweke juu ya shuka isiyo na maua, karibu na dirisha, pasipo nazi wala bakuli, kisha sogeza simu hadi meno yajaze picha. Mwoneshe mtu wa nyumbani. Akiuliza "hiki nini?" akakata tamaa, umetunga fumbo tu. Akisema "si mbuzi yetu hii?" kisha asirudishe simu upesi, hapo umegenisha.