Makaa yaliyoitangulia rangi

Mwaka 1785, huko St. Petersburg, mfamasia Tobias Lowitz alikuwa akihangaika na asidi ya tartari. Alitaka fuwele safi, lakini kila alipoichemsha ilimgeukia kahawia. Akaikoroga na unga wa makaa ya kuni, akaichuja, ikatoka angavu. Wasafishaji wa sukari hawakulaza damu: mapema karne ya 19 walikuwa wakipitisha shira kwenye makaa ya mifupa ya ng'ombe ili sukari iwe nyeupe.

Rangi iliyokuja kuchafua mito ilikuwa haijazaliwa. Ilizaliwa London mwaka 1856, pale William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alipotafuta kwinini kutoka kwenye mazao ya lami ya makaa ya mawe, akaambulia zambarau. Tangu hapo rangi za viwandani zimetengenezwa kwa shabaha moja: zisichuje, si kwa jua, si kwa sabuni, si kwa jasho. Sifa hiyo tunayoilipia dukani ndiyo balaa mtoni. Rangi isiyoshika nguo humwagwa na maji ya kusuuzia, na vijidudu vya kwenye mabwawa ya majitaka mara nyingi havifui dafu mbele yake.

Tia tone la rangi iitwayo methilini bluu kwenye glasi ya maji, kisha kijiko cha unga wa makaa. Koroga, subiri, chuja kwa karatasi. Buluu haipo! Haikuharibika wala kufa. Imenata kwenye kuta za vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja ya makaa yaliyoamilishwa kwa joto kali huwa na kuta za zaidi ya mita za mraba 500, hata gramu 15 tu zikitandazwa zingefunika uwanja wa mpira.

Lakini makaa hayo ni ghali. Kwa hiyo namheshimu zaidi aliyeuliza swali la mtu mwenye mfuko mwepesi. Mwaka 1976, Poots, McKay na Healy wa Belfast walichapisha majaribio ya kunasa rangi kwa vitu vya kwao: udongo wa vinamasini ambao Waairishi huukata, wakaukausha na kuuchoma kama kuni, na vumbi la mbao. Havikunasa kama makaa bora, ila vilipatikana kwa bei ya chee. Baada yao watafiti wamejaribu makapi ya miwa, pumba za mpunga, maganda ya ndizi na vifuu vya nazi, vitu ambavyo kwetu hurundikwa nyuma ya viwanda na majiko.

Kila rangi ina tabia yake. Vumbi la mbao hukumbatia methilini bluu, yenye chaji chanya, kwa urahisi; rangi zenye chaji hasi, zikiwemo nyingi za kutilia pamba, hulikwepa mpaka litibiwe kwanza. Na kikishashiba, kinasio chenyewe kinakuwa taka: magunia ya vumbi bichi lenye rangi yote ileile. Makaa ghali hurudishwa tanuruni yakatumika tena. Vumbi hukaushwa likachomwa, na hapo ndipo lazima kiwanda kiulizwe moshi wake unakwenda wapi.