Namba ya mbele ya gari: ifungwe wapi kwenye gari la spoti la zamani?

Swali la wiki hii limetoka kwa kijana mmoja hapa hapa Kharumwa, anayefanya shughuli za uchimbaji mdogo. Amenunua gari la spoti la zamani, la milango miwili, lenye pua ndefu iliyolala chini. Usajili amekamilisha na vibao viwili vya namba amepewa. Cha nyuma amekifunga bila shida. Cha mbele hakina pa kukaa. Fundi wa kwanza alitaka kutoboa bampa, ile ya chuma inayong'aa. Fundi wa pili akamwambia, "Weka tu juu ya dashibodi, nyuma ya kioo, trafiki ataiona." Kijana anauliza: nimsikilize nani?

Jibu fupi: asimsikilize hata mmoja. Namba ya mbele ifungwe nje, mbele ya gari, kwenye breketi inayoshikwa na bolti ambazo tayari zipo chini ya bampa. Hakuna haja ya kutoboa kitu kwenye gari. Jibu refu ni hili hapa chini. Litamfaa pia mwenye Probox, Noah au IST, na hata asiye na gari kabisa.

Kwa nini namba ya mbele ni muhimu zaidi huku kwetu

Wengi wanaona namba ya mbele ni urembo, ya nyuma ndiyo yenye kazi. Mjini kwenye lami labda mtu anaweza kufikiri hivyo. Huku Nyang'hwale tunajua barabara zetu. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, gari likipita kwenye barabara ya vumbi linaacha wingu nyuma yake. Ukigeuka kulitazama huoni namba, huoni rangi, wakati mwingine huoni hata kama ni gari dogo au lori. Kitu pekee ulichoweza kukisoma ni kile kilichokuwa mbele wakati linakujia.

Sasa fikiria mtoto anatoka shule akagongwa, au mama anayerudi gulioni na baiskeli yake akasukumwa mtaroni, na dereva hakusimama. Mashahidi watakuwepo, maana barabara zetu hazikosi watu. Polisi watawauliza, "Namba gani?" Kama gari halikuwa na namba mbele, au ilikuwa imelazwa kwenye dashibodi kioo kikiwa kinameta kwa jua, jibu litakuwa vumbi. Hakuna namba, hakuna mwenye gari, hakuna bima ya kudai matibabu. Kwa hiyo kibao kile cha mbele ni cha mwenye gari kwa kukilipia, lakini kazi yake ni kwa ajili ya yule anayetembea kwa miguu.

Mambo haya si mapya. Mji wa Paris, Ufaransa, ulianza kudai magari yabebe utambulisho mwaka 1893, wakati magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabu. Uingereza ilifuata kwa sheria ya mwaka 1903 iliyoanza kutumika Januari 1, 1904. Sababu ilikuwa hiyo hiyo: gari lina mwendo kuliko farasi, na anayelikimbiza kwa miguu halipati.

Sheria na rangi za vibao

Hapa Tanzania mwendo wa magari unasimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na usajili uko chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Gari linatakiwa kuwa na namba mbele na nyuma, zisomeke, zisifunikwe na kitu. Kioo cheusi juu ya kibao, tope lisilofutwa, kibao kilichokunjwa makusudi au bomba la chuma lililopita katikati ya tarakimu, yote hayo ni kuficha namba.

Kibao cha kawaida kinaanza na herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Cha njano ni cha gari binafsi. Cheupe ni cha gari la biashara, kama daladala, teksi na malori ya kukodi. Pikipiki zina MC mwanzoni.

Jambo moja linalowachanganya watu: tumezoea kusema "gari namba C" au "namba D" tukimaanisha umri wake. Herufi ile inaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini, haionyeshi lilitengenezwa lini. Ndiyo maana gari la spoti la mwaka 1972 lililoingizwa juzi linaweza kubeba namba mpya kuliko Noah ya jirani yako. Usidanganywe kwa herufi unaponunua gari, soma mwaka kwenye kadi.

Kwa nini magari haya hayana nafasi ya namba

Magari ya spoti ya zamani yalichorwa ili yapasue upepo. Pua ikawa nyembamba, na chini ya bampa pakaachwa mdomo wa kuingiza hewa kwenye rejeta. Mchukue Datsun 240Z, gari la Kijapani lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 1969. Wazee wetu wanaopenda mbio za magari wanalikumbuka, kwa sababu lilishinda Safari Rally mara mbili, mwaka 1971 na mwaka 1973. Ushindi wa 1973 ulikuwa wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuja kushinda mbio hizo mara tano. Safari yenyewe ilianza mwaka 1953 na miaka ile ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu 2003 kuna mbio za magari ya zamani, East African Safari Classic, na humo utaona magari ya aina hiyo bado yanakula vumbi.

Gari la namna hiyo ukiliangalia mbele, sehemu iliyo tambarare ya kuweka kibao ni ule mdomo wa hewa tu. Kuna sababu nyingine pia. Mengi yaliuzwa Marekani, ambako majimbo kama Florida, Arizona na Pennsylvania yanadai namba ya nyuma peke yake. Uingereza, wenye Jaguar E-Type, gari la mwaka 1961, walikuwa wanabandika namba ya karatasi juu ya boneti ili wasizibe hewa. Huo si mfano wa kuiga. Sisi tunapewa kibao cha bati, na kibao hicho ndicho kinachotakiwa kuonekana.

Makosa matatu ya kuepuka

La kwanza ni kutoboa bampa. Bampa ya chuma iliyopakwa maji ya kung'aa ikitobolewa, kutu inaanzia kwenye tundu na kusambaa chini kwa chini. Bampa ya gari la miaka ya 1970 huipati dukani Geita wala Kahama. Ukiiharibu, umeiharibu.

La pili ni kuziba mdomo wa rejeta. Gari halitachemka siku hiyo hiyo. Litachemka siku umepakia watu, jua la saa nane, unapanda mlima polepole nyuma ya lori la mawe ya dhahabu. Injini ya zamani ikichemka, gasketi ya silinda hedi inaungua, na hapo umeingia gharama kubwa kuliko breketi kumi.

La tatu ni kuiweka dashibodini. Kioo kinarudisha mwanga, kibao kinateleza, na gari likigonga, bati lile lina makali na linaruka ndani ya gari.

Namna ya kufunga, hatua kwa hatua

1. Ingia chini ya pua ya gari ukiwa na tochi. Tafuta bolti zinazoshika bampa kwenye bodi, au vishikio vya kufungia kamba ya kuvutia gari. Unahitaji sehemu mbili, kushoto na kulia.

2. Pima kwa kadibodi kwanza. Kata kadibodi yenye ukubwa wa kibao chako, ishike mahali unapotaka, kisha rudi hatua kumi na utazame. Isiwe chini kuliko sehemu ya chini kabisa ya pua, la sivyo tuta la kwanza litaing'oa.

3. Mpelekee fundi wa kuchomelea kadibodi hiyo. Atengeneze breketi ya vyuma bapa viwili vinavyoshuka kutoka kwenye bolti za bampa, na kimoja kirefu cha kulala ambacho kibao kitakaa juu yake. Kazi yote ya kuchomelea ifanyike nje ya gari. Asichomelee breketi ikiwa imefungwa kwenye gari: cheche na umeme vinaweza kuharibu waya, rangi na altaneta.

4. Pakeni rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga.

5. Acha nafasi ya vidole vitatu au vinne kati ya kibao na rejeta au shoo, ili hewa ipite juu, chini na nyuma ya kibao. Kama mdomo wa hewa ni mdogo sana, sogeza kibao upande mmoja wa pua, kushoto au kulia. Kiendelee kutazama mbele na kusimama wima. Kabla hujamaliza, mwonyeshe askari wa usalama barabarani aliye karibu nawe. Dakika tano za kuuliza zinakuepusha na kusimamishwa kila kizuizi.

6. Toboa kibao kwenye ukingo wake, mbali na maandishi. Kichwa cha bolti nyeusi kikikaa vibaya kinaweza kuifanya 3 isomeke 8. Tumia bolti nne zisizoshika kutu, kila moja na washa pana na nati ya kujikaza. Bolti mbili hazitoshi kwa barabara zetu.

7. Weka kipande cha mpira wa tyubu ya zamani kati ya kibao na chuma. Mtikisiko ndio unaokata bati polepole kwenye matundu, na mpira unaupunguza.

8. Piga tupu kingo. Pitisha kiganja kuzunguka breketi nzima, na kona yoyote inayochana isuguliwe kwa faili. Uingereza iliondoa sharti la namba ya mbele kwenye pikipiki mwaka 1975 kwa sababu bati lile lilikuwa linaweza kuwakata watembea kwa miguu. Usifunge kisu mbele ya gari.

9. Baada ya wiki moja ya kuendesha, rudi na spana ukaze tena.

Kwa wenye Probox, IST, Noah na michomoko yote

Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa na sehemu ya namba tayari, lakini sehemu ile ilitengenezwa kwa kibao cha Kijapani chenye upana wa sentimita 33 na kimo cha sentimita 16.5. Kibao chetu kirefu kina umbo tofauti. Kwa hiyo kinashikwa katikati tu na matundu mawili, na ncha zake zinabaki zinapiga mbawa. Mvua zikianza Oktoba, ukiingia kwenye dimbwi kwa kasi maji yanazipiga ncha hizo kama jembe linavyopiga udongo, na kibao kinabaki ndani ya tope.

Yamenikuta mimi. Niliingia dimbwi moja njia ya kwenda Kahama, nikaendelea na safari zangu siku mbili nikidhani kila kitu kipo, mpaka trafiki aliponiuliza namba iko wapi. Nilirudi pale dimbwini. Vijana wanaochunga ng'ombe jirani walikuwa wameokota vibao vitatu wameviegemeza kwenye mti, na changu kilikuwa kimojawapo. Niliwanunulia soda. Siku hiyo hiyo nikaweka chuma bapa nyuma ya kibao, urefu wote, na bolti nne. Hakijatoka tena.

Kama hukukipata, usimpe fundi wa mabango akuandikie kingine. Toa taarifa polisi, upate hati ya upotevu, kisha uende nayo TRA pamoja na kadi ya gari ili ufuate utaratibu wa kupata kingine. Kibao kilichopotea kinaweza kufungwa kwenye gari la mhalifu, na taarifa ile ya polisi ndiyo itakayokutetea.

Kwa asiye na gari

Wewe unayetembea kwa miguu una simu mkononi. Ukiona ajali na dereva anakimbia, soma namba ya mbele kwa sauti, uirudie mara tatu, na ujirekodi kwenye simu hapo hapo kabla hujaongea na mtu. Kichwa kikishtuka kinasahau. Kama hukuiwahi yote, tarakimu tatu tu, au herufi za mwisho, pamoja na rangi ya kibao, njano au nyeupe, zinawapa polisi pa kuanzia. Kisha piga 112.

Kijana wetu mwenye gari la spoti, naamini umepata jibu. Gari lako ni zuri na watoto watalikimbilia barabarani kulitazama. Hiyo ni sababu moja zaidi ya kuhakikisha wanaweza kusoma namba yake.